Madam Tulimpa Moja Kote

Usiku wa kuamkia siku ya kuchukua kadi ya mtihani, nikiwa mwaka wa tatu, nilijaza fomu saba za kutathmini wahadhiri kwa dakika tisa. Dakika nazikumbuka kwa sababu bando langu lilikuwa la saa moja na kulikuwa na mechi nilitaka kuona. Kila fomu ilikuwa na maswali ishirini na kitu, kila swali na vidoti vitano: moja ni mbaya kabisa, tano ni safi kabisa. Usipojaza zote, mfumo wa chuo haukufungulii kadi, na bila kadi hauingii chumba cha mtihani. Kwa hivyo unajaza. Unajaza vile mtu hubonyeza "nakubali" akiweka programu mpya kwa simu.

Mhadhiri mmoja nilimpa tano kote. Alikuwa amekuja darasani mara nne muhula mzima, nikihesabu na ile siku alikuja kutuambia wiki ijayo hatakuja. Lakini alikuwa na vichekesho, noti alitutumia kwa WhatsApp, na wiki ya mwisho akatudokezea mambo ya kusoma. Mliopitia chuo mnajua kudokezewa ni nini. Tano, tano, tano. Mungu ambariki popote alipo.

Mwingine nilimpa moja kote. Huyo ndiye nataka tuongee juu yake.

Alikuwa anatufunza sheria ya kimataifa ya mazingira. Jina lake sitalitaja, wala chuo. Sisi tulimwita Madam tu. Saa moja na dakika kumi asubuhi anafunga mlango, uwe umetoka Kitengela ama umetoka hosteli ng'ambo ya barabara, utabaki nje na baridi yako. Noti hakutoa. Alikuwa anakuambia nenda usome hukumu yenyewe, kurasa zote, sio muhtasari wa mtu wa mwaka jana. Na atajua tu kama hukusoma, kwa sababu atakusimamisha akuulize upande ulioshindwa ulisema nini. Sio ulioshinda. Ulioshindwa. CAT ya kwanza nilipata tisa kwa thelathini na sikuwa wa mwisho.

Kwa grupu ya darasa mtu akaandika: "Wasee, fomu zikifunguka, huyu tumnyoroshe." Moto ishirini na kitu chini ya hiyo meseji, mmoja ukiwa wangu. Na tukamnyorosha.

Muhula uliofuata hakuwa kwa ratiba. Alikuwa wale wa kandarasi, wanaolipwa kwa yuniti, na hao hawafukuzwi, hawaitwi tu tena. Ni fomu zetu zilimtoa? Alipata kazi pahali pengine? Alichoka kungoja malipo? Hakuna mtu alituambia na hakuna mtu alituuliza. Mimi mwenyewe nilitoka mwisho wa mwaka huo kwa sababu ya karo, stori mnaijua, tusirudi huko.

Sasa rukeni nami hadi tarehe 23 Julai 2025. Niko kwa nyumba, nimekaa chini na laptopu juu ya kiti, naangalia moja kwa moja Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ikisoma maoni yake kuhusu wajibu wa nchi kwa mabadiliko ya tabianchi. Nilikuwa nataka video ya sekunde tisini. Jaji anasoma, anasoma, anasoma, kama saa mbili hivi. Halafu nikashtuka: naelewa. Anaposema nchi ina wajibu wa kuzuia madhara makubwa kwa mazingira hata kama haijatia sahihi mkataba wowote, najua hiyo imetoka wapi. Imetoka kwa kesi ya moshi. Kiwanda cha kuyeyusha madini kilikuwa Kanada, moshi ukavuka mpaka ukachoma mashamba ya wakulima wa jimbo la Washington, Marekani, na mwaka 1941 majaji wa usuluhishi wakasema nchi haina haki ya kuacha ardhi yake itumike kumfukizia jirani. Madam alituweka kwa hiyo kesi wiki mbili. Wiki mbili, moshi tu! Tulimlaani.

Na hapo nilipo, miaka imepita, nina wafuasi wanaoniuliza "hii inamaanisha nini kwetu", na ninaweza kuwajibu bila kudanganya. Kwamba majaji wote walikubaliana. Kwamba maoni hayo si hukumu ya kumfunga mtu, lakini yanasema nchi ikivunja wajibu wake inaweza kudaiwa fidia. Kwamba serikali haiwezi kujificha nyuma ya kampuni binafsi, kwa sababu kuzidhibiti hizo kampuni ni kazi yake. Ile video ndiyo iliangaliwa zaidi mwaka huo kwa ukurasa wangu. Yule mcheshi wa tano kote alikuwa ananifunza nini? Naweza kukwambia vichekesho vyake viwili. Yuniti yenyewe, jina tu ndilo limebaki.

Kitu kingine. Hiyo kesi ya The Hague ilianzia wapi? Darasani. Mwaka 2019, wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, kampasi ya Port Vila huko Vanuatu, walikuwa wanasoma sheria ya mazingira kama sisi, na wakapewa changamoto ya kutafuta njia ya kisheria ya kusukuma nchi zichukue hatua za tabianchi. Wakachagua njia kubwa kuliko zote. Wakaanza kuandikia viongozi wa visiwa vyao barua. Serikali ya Vanuatu, nchi ya watu kama laki tatu, ikaibeba. Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kuiuliza mahakama swali hilo, bila kura hata moja ya kupinga. Miaka miwili baadaye, jibu.

Hebu fikiria hao wanafunzi 27 wanajaza fomu mwisho wa muhula wa 2019. "Mhadhiri alitumia vifaa vya kisasa vya kufundishia?" Tatu. "Mzigo wa kazi ulikuwa wa wastani?" Moja, bana, anataka tushtaki dunia nzima.

Sisemi Madam alikuwa mtakatifu. Ule mlango ulikuwa ubaya, hasa kwa wasee wa kutoka mbali na mvua na mat kupandisha nauli. Na kuna siku alimfokea mtu hadi akalia, sikuipenda hiyo. Ninachosema ni kwamba ile fomu haikuwa na mahali pa kuweka hivi vitu viwili kwa pamoja: kwamba mlango ulikuwa shida, na kwamba huyu mama alikuwa ananifunza kusoma. Ilikuwa na vidoti tu. Na hasira yangu ya CAT ikaingia kwa kila kidoti, hata pale waliuliza kama darasa lilianza kwa wakati. Nani alianza kwa wakati kumshinda? Nilimpa moja.

Lakini kinachonichekesha kabisa, na ndio maana nikaamua kuandika badala ya kupiga video, ni kwamba hiyo yuniti yenyewe ilikuwa inatufunza vile maoni ya watu yanafaa kuchukuliwa. Ndio moyo wake. Mwaka 1992, nchi zilipokutana Rio de Janeiro, zilikubaliana kwa Kanuni ya 10 kwamba mambo ya mazingira huamuliwa vizuri zaidi wananchi wanaohusika wakishirikishwa. Na kanuni haikuishia kwa neno "kushirikishwa", neno ambalo Mkenya akilisikia anajua amekwisha. Iliweka na masharti: mtu apewe habari, apate nafasi ya kushiriki kwa uamuzi, na awe na mahali pa kulalamika asiposikizwa. Habari, nafasi, mahali pa kulalamika. Madam alikuwa anazihesabu kwa vidole.

Halafu akatuleta nyumbani, Lamu. Kulikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, karibu na mji wa kale ambao UNESCO iliuweka kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. NEMA ikatoa leseni. Wakazi wakaenda mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, na Juni 2019 jopo likaifuta leseni. Sababu kubwa ni ushirikishwaji wa umma. Na hapa ndipo Madam alikuwa anagonga meza. Mikutano ilikuwepo! Watu waliitwa, watu walikuja, watu walikaa. Lakini ile ripoti yenyewe ya athari, yenye madhara ndani yake, haikufikishwa kwa wakazi vile inavyofaa ili watoe maoni wakijua wanachozungumzia. Jopo likaona kumkalisha mtu mkutanoni si kumshirikisha.

Sasa chukua hicho kipimo cha Lamu ukiweke kwa fomu ya chuo.

Habari? Hakuna siku niliambiwa nani anasoma fomu yangu, anaisomea nini, na muhula uliopita ilibadilisha nini. Nilijua tu kuna kadi mwisho wake. Wakati? Fomu inakuja wiki ya mwisho, yuniti imeisha, na mtihani sijaufanya. Kama mwalimu ni mbaya, mimi nimeshaumia, haitanisaidia. Kama ni mzuri, bado sijajua, kwa sababu sijawahi kutumia alichonifunza kwa kitu chochote. Jibu? Zero. Sijawahi kuona karatasi hata moja ukutani imeandikwa "mlilalamikia hiki, tumefanya hiki". Halafu hiyo ya kadi sasa. Unanishikia kadi ya mtihani halafu unaniambia toa maoni yako kwa uhuru? Hata wale wa kaunti hukupa soda.

Tunajua hii mchezo, jamani. Sisi ndio kizazi cha Juni 2024. Tunajua maana ya maoni kukusanywa, kufungwa kwa faili, na kitu kupita vile kilikuwa kimepangwa kupita. Tunaita hiyo kuchezewa. Lakini tukiwa kampasi tunapigwa hiyo hiyo kila muhula na tunaona ni sawa kwa sababu inatupa nafasi ya kulipiza kisasi cha CAT.

Kuna wahadhiri watasoma hii wafurahi: "Tulisema, hawa watoto hawajui chochote, tathmini ziondolewe." Tulieni kwanza, walimu wangu. Sijafika kwenu.

Madam huyo huyo alitufunza kesi ya Wangari Maathai ya 1989. Chama tawala kilikuwa kinataka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Mama akaenda kortini. Korti haikuuliza kama bustani inafaa kuliwa. Iliuliza, kwa lugha ya heshima, wewe ni nani? Umeumia wapi kuliko wengine? Kesi ikatupwa kwa sababu eti hakuwa na msingi wa kushtaki. Jengo halikujengwa mwishowe, kelele zilikuwa nyingi na wenye pesa wakajitoa, lakini hiyo hukumu ilibaki inanuka kwa miaka. Leo Katiba ya 2010, Kifungu cha 70, inasema ukienda kortini kutetea mazingira huhitaji kuonyesha kwamba wewe ama mtu yeyote ameumia. Yaani tulihama kutoka "wewe ni nani" hadi "karibu, sema".

Kwa hivyo mhadhiri akiniambia mwanafunzi ni nani wa kumtathmini, mimi nasikia 1989. Mwanafunzi amekaa hapo wiki kumi na nne. Amelipa, ama mama yake ameuza kitu ndio alipe. Ana haki ya kusema, na nitaisimamia hiyo haki hata nikiwa nje ya chuo. Kuna malec hawaji. Kuna wanaopoteza CAT zako halafu gredi inakaa miezi bila kuonekana. Kuna mabaya zaidi, wale wanaotaka kitu kingine kwa msichana ndio alama zitoke, na hao ni wa kupelekwa kwa polisi na kwa kamati za nidhamu, sio wa kuwekewa kidoti namba mbili.

Lakini kuwa na haki ya kusema si kujua kila kitu. Moja ya maswali kwa fomu yetu ilikuwa: "Mhadhiri ana ujuzi wa kutosha wa somo?" Nitajuaje? Kama ningeweza kupima ujuzi wake si ningekuwa mbele na chaki ni mimi? Hapo ndipo unajibu kwa sauti yake, kwa nguo zake, kwa vile alikuchekesha. Na hii si hadithi ya Kenya pekee. Huko Ujerumani, chuo cha Münster, watafiti walichukua wanafunzi 118 wa udaktari kwa kozi ya matibabu ya dharura, makundi mengine wakayawekea biskuti za chokoleti mezani, mengine wakayanyima. Matokeo yalichapishwa 2018. Waliokula biskuti waliwapa walimu alama za juu zaidi, na hata vitabu na makaratasi ya kozi wakayaona ni bora. Biskuti! Sisi mtu akituletea chapo madondo darasani tunampa uprofesa.

Ya Marekani haichekeshi vile. Chuo cha jimbo cha North Carolina, kozi ya mtandaoni, wanafunzi hawaoni mwalimu. Wasaidizi wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja akafundisha kundi moja kwa jina lake na kundi lingine kwa jina la mwenzake. Kazi zilirudishwa kwa muda ule ule kwa makundi yote. Waliodhani mwalimu wao ni mwanamume wakampa 4.35 kwa tano kwa kurudisha kazi haraka. Waliodhani ni mwanamke wakampa 3.55. Muda ni ule ule! Darasa lilikuwa dogo, watu arobaini na kitu, sitaki kulifanya Biblia. Lakini nilipoisoma nilifikiria ule mlango. Tulikuwa na mhadhiri mwingine, mzee mmoja, naye alikuwa anafunga mlango. Huyo tulikuwa tunasema ana msimamo. Madam tulikuwa tunasema ana makasiriko. Sikuwa nimewahi kuviweka hivyo viwili pamoja hadi hapo, na niliona aibu, kusema kweli.

Toronto walifika hadi kwa msuluhishi. Chuo kilikuwa kinatumia hizi fomu kuamua nani apandishwe cheo, chama cha wahadhiri kikakataa, na mwaka 2018 msuluhishi William Kaplan akaamua matokeo ya fomu yasitumike tena kupima ubora wa ufundishaji kwa mambo ya cheo. Lakini fomu hakuzitupa. Alikubali kuna kitu zinaweza kueleza, nacho ni kile mwanafunzi mwenyewe alipitia darasani. Mimi nikaona huyo ameielewa.

Kwa sababu kuna vitu mwanafunzi anajua kuliko mkuu wa idara, kuliko naibu wa chansela, kuliko mtu yeyote. Alikuja mara ngapi? CAT ilirudi baada ya wiki ngapi, na ilikuwa na maandishi ya kukuonyesha ulipokosea ama namba tu? Ulichotahiniwa ndicho mlichofunzwa? Kulikuwa na siku uliuliza swali ukadharauliwa? Hayo ni mambo ya ushahidi, na ushahidi ndio mwanafunzi anao. Yule wangu wa mara nne angepata nne kwa kumi na nne, ingeandikwa hapo, na vichekesho vyake visingemsaidia. Na Madam angepata kumi na nne kwa kumi na nne, CAT wiki moja, wino mwekundu kila ukurasa. Ningekuwa na hasira zangu na bado ningelazimika kuandika ukweli, kwa sababu swali halikuniuliza kama nimefurahi.

Halafu iulizwe wiki ya tano, wakati mtu bado anaweza kufungua mlango dakika kumi zaidi kwa wale wa mbali. Kadi itolewe kwa hiyo stori kabisa. Na majibu yabandikwe, hata kama ni karatasi moja kwa ubao wa idara. Wakitaka kujua kama somo lilifunzwa vizuri, wawatafute watu miaka mitatu baadaye. Namba zetu wanazo. Karo ikibaki elfu mbili wanatupata, hata huku nje tulikotoroka wanatupata.

Najua mtu ataniambia, wewe uliwacha shule, inakuhusu nini. Inanihusu kwa sababu Gigiri iko hapa. Mwaka 1972 dunia iliamua shirika lake la mazingira, UNEP, likae Nairobi, na sisi tunapita hapo na mat tukienda kutafuta kazi zisizohusiana nalo. Inanihusu kwa sababu ya Owino Uhuru, kule Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga risasi kwa hewa na maji ya watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa hapo, mtoto wake akapatikana na sumu kwa damu, akaanza kupigana. Korti ya mazingira ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaiondoa 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hiyo kesi itarudi, mtaa mwingine, kiwanda kingine, na itahitaji wakili ambaye mtu alimfungia mlango na kumlazimisha asome upande ulioshindwa. Nani anamfunza huyo wakili saa hii? Kama walimu wa aina hiyo wanatolewa na vidoti vya watoto wenye hasira ya CAT, na nikiwa mmoja wao, basi inanihusu sana.

Agosti ile, baada ya video, nilitafuta ile karatasi ya mpangilio wa kozi kwa simu yangu ya zamani. Barua pepe yake ilikuwa hapo juu. Nikamwandikia. Nikamwambia nilikuwa darasa lake, nilipata tisa kwa thelathini, na kwamba kwa fomu nilimpa moja kote, hata kwa kuanza kwa wakati, na nilikuwa nimedanganya. Nikamtumia kiungo cha video. Sikumuuliza kwa nini aliondoka.

Alijibu siku ya tatu. Alisema asante, video ni nzuri, ila nimechanganya mahali pamoja kuhusu fidia, kwa sababu lazima kwanza uonyeshe madhara yametokana na kosa lenyewe. Halafu akauliza kama nimesoma na maoni tofauti ambayo majaji waliandika kila mtu kivyake.

Nikamwambia bado, Madam.

Akasema nisome, halafu tuongee.